Fahamu: Je, habari inaweza kusafiri bila nishati?

Mchongaji wa Tabaka, kaunti ya Kisii, akimtumia mnunuzi wa ng'ambo picha ya kinyago cha jiwe la sabuni, simu yake hutoa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo hubeba nishati. Je, ni lazima iwe hivyo?

Wazo lilitoka wapi?

Mwaka 2015, Robert Jonsson, Eduardo Martín-Martínez na Achim Kempf walichapisha hesabu zao katika jarida la Physical Review Letters. Zinaonyesha kwamba mtumaji anaweza kuacha alama kwenye uga wa kwanta, yaani uga kama ule unaobeba mawimbi ya redio ukielezwa kwa fizikia ya kwanta, na mpokeaji akaisoma baadaye bila kupokea nishati yoyote kutoka kwake. Watafiti hao waliifananisha njia hii na simu inayolipiwa na anayepigiwa: nishati ya kuusoma ujumbe huitoa mpokeaji mwenyewe. Hapa ndipo wengi huteleza. Nishati bado inatumika. Kinachobadilika ni nani anayeitoa.

Tena, hesabu hizo zinahusu hasa anga yenye kipimo kimoja au vipimo viwili, si vitatu tulivyozoea.

Vipi chembe zilizofungamana?

Hizi ni chembe ambazo hali zake zimeunganishwa hata zikiwa mbalimbali, hivyo huenda ukadhani zinaweza kutuma ujumbe. Utafiti juu yake uliwapa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022. Lakini chembe hizo zenyewe hazitumi ujumbe. Ili matokeo ya pande mbili yalinganishwe, lazima mawasiliano ya kawaida yatumike, na hayo hayaupiti mwendo wa mwanga.

Kwa hiyo, atakayekuahidi simu isiyotumia nishati kabisa, usimwamini.