Hobie 16 Kuukuu: Bodi Kwanza, Rangi Baadaye

Kabla ya kugeukia mashua, Hobie Alter wa California alikuwa fundi wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Ujuzi huo wa kufunika povu gumu kwa faiba ndio uliozaa katamarani ya ufukweni iitwayo Hobie 16: bodi mbili nyembamba za mita 5 hivi, fremu ya alumini iliyoinuliwa juu ya nguzo nne, turubai la kukalia, mlingoti mmoja na matanga mawili, vyote kwa uzito wa kilo 145 tu. Zimeundwa zaidi ya 100,000 tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na nyingi zimetelekezwa uani huko Marekani, zimepauka kwa jua. Naamini sehemu kubwa ya hizo zinafaa kufufuliwa, ila wengi wanaozifufua huanzia pasipostahili. Hununua rangi na tanga jipya, wakati uhai wa mashua hii umo ndani ya kuta zake.

Ukuta wa bodi ni tabaka mbili za faiba zenye povu katikati, na nguvu yake inatokana na kushikana kwa hizo tatu. Jua, maji na miaka ya kupigwa na mawimbi huzibandua, hasa sehemu ya juu, mbele ya nguzo za mbele, huku nje kukionekana kuzima kabisa. Kwa hiyo mkaguzi hubonyeza kwa kidole gumba na kugonga kwa sarafu: palipo pazima hulia kwa ukali, palipobanduka hutoa sauti butu. Palipobanduka kidogo hutibika kwa kutoboa vitundu, kukausha vizuri na kuingiza gundi ya epoksi kwa bomba la sindano. Ubanduko ukienea hadi kwenye mashina ya nguzo, bodi hiyo si ya kupelekwa baharini tena.

Baada ya bodi zije waya zinazoshikilia mlingoti. Kusema kwamba zilifaa mwaka jana si hoja, kwa sababu chuma kisichoshika kutu nacho huchoka ndani ya viungio, pasipoonekana, na waya mmoja ukikatika mlingoti wote huanguka juu ya waliomo. Mlingoti wa alumini mtupu una hatari nyingine: ukigusa nyaya za umeme huua, na vifo vya namna hiyo ndivyo vilivyofanya ncha yake itengenezwe kwa faiba isiyopitisha umeme.

Wapo wasemao ni nafuu kununua nyingine iliyotumika. Kwa mashua inayodai matanga, turubai na waya kwa pamoja, wana haki. Lakini umbo la Hobie 16 halijabadilika sana kwa zaidi ya miaka 50, hivyo vipuri vya iliyokufa huingia katika iliyo hai, na mashua mbili mbovu zaweza kutoa moja nzima. Isitoshe, faiba haiozi. Bodi inayotupwa hubaki taka kwa miaka mingi mno.

Unayekwenda kununua, beba sarafu. Ukisikia sauti butu mbele ya nguzo za mbele, bei iwe ya vipuri, si ya mashua.