Mbau: Foto yenye mwanamuke amejichagulia mwenyewe

Katika Mbau, karibu kilometa 20 kaskazini mwa muji wa Beni, mwanamuke anapigwa foto ya kadi ya uchaguzi, ya harusi, ya ubatizo wa mutoto. Tangu Oktoba 2014, wakati mauaji ya raia yaliongezeka katika wilaya ya Beni, kuna pia foto za wamama wenye kukimbia na godoro kichwani. Hizo ndizo dunia inajua. Mara mingi, ni mutu mwengine ndiye alichagua namna ya kuwaonyesha.

Katika Ulaya na Marekani, wanamuke fulani wanalipia foto za aina ingine, zenye kuitwa boudoir. Neno hilo la Kifaransa lilikuwa jina la chumba kidogo chenye mwanamuke alijitengea. Wanapigwa foto chumbani, katika nguo za ndani ao shuka, kisha kuzaa, kisha talaka ao kansa ya titi, ili waangalie tena mwili wao bila haya.

Katika Kivu, Pamela Tulizo, mupiga foto wa Goma mwenye zamani alikuwa mwandishi wa habari, alifikia swali lilelile bila kuvulisha mutu nguo. Foto zake za «Double Identité» zinaonyesha mwanamuke kati ya sura mbili: ile yenye anajipatia mwenyewe na ile yenye wengine wanamupatia kupitia habari za vita. Mwaka wa 2020, kazi hiyo ilipata zawadi ya Dior ya vijana wapiga foto.

Ni kusema, kujiamini hakutoke kwenye nguo yenye imevuliwa. Kunatoka kwenye haki ya kuchagua: kikwembe gani, mbele ya nani, na foto itabakia kwa nani.

Katika kijiji, swali hilo la mwisho ni zito. Foto moja ikitoka na kuzunguka kwenye WhatsApp, inaweza kuvunja ndoa na jina. Basi ni lazima kupatana mbele: nani anashika simu, foto zinafutwa wakati gani, na mama anaweza kusema «hapana» hata katikati ya kazi.

Mwenye alipoteza shamba ya kakao juu ya vita, foto haitamurudishia. Lakini anaweza kuwa na moja yenye haimuonyeshe akikimbia.