Kutoka Shogi la Punda hadi Karia ya Baiskeli: Uteuzi wa Mkoba kwa Wasafiri wa Kibera na Kawangware

Utangulizi

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii humsuta mtu anayeupima kwa macho uzito unaobebwa na mwingine. Abiria wa matatu katika Barabara ya Ngong anapomtazama mpanda baiskeli aliyetoka Kibera au Kawangware alfajiri, huona begi tu. Haoni kwamba ndani yake mna sare ya bawabu, chakula cha mchana, vifaa vya mwashi au vyeti vya mtafuta kazi. Vitu hivyo vikifika vimelowa au vimevunjika, nauli iliyookolewa kwa kupanda baiskeli huwa imepotelea kwingine. Makala haya yanaeleza namna ya kuteua mkoba unaofaa safari ya aina hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba kabla ya kutazama sura na bei, hapana budi kuuliza: ni nani atakayeubeba mzigo, mpandaji au baiskeli yenyewe?

Mzigo Mwilini

Mikoba mingi inayouzwa katika Soko la Toi, kandokando ya Kibera, au Gikomba, ni ya mitumba, nayo ilikusudiwa watembeao kwa miguu. Mkoba wa kuning'inizwa begani ni mfano mzuri. Mpandaji anapoinama kushika usukani, mkoba huteleza mbele na kugonga magoti. Kiondo nacho, ambacho kwa jadi wanawake wa Kikuyu na Kikamba walikibeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, hakina mahali pa kukaa juu ya baiskeli. Aghalabu huishia kutundikwa kwenye usukani. Tabia hii ni ya hatari, kwani kitu kinachobembea hapo kinaweza kunasa kwenye spoku za gurudumu la mbele na kumrusha mpandaji kichwa mbele.

Shanta ya mgongoni ni afadhali. Kwanza, mwenyewe anaposhuka hana haja ya kuifungua. Huingia nayo dukani bila kuacha kitu nyuma. Pili, mwili wa mpandaji hupunguza mtikisiko wa mashimo na matuta, hivyo kipakatalishi husalimika. Hata hivyo, shanta nzito huinua kitovu cha uzani, ikamyumbisha mpandaji anapokwepa gari ghafla. Aidha, hulowanisha shati kwa jasho, jambo lisilomfaa mtu anayetarajiwa kufika kazini akiwa nadhifu. Kwa hiyo, shanta ifae vitu vichache, vyepesi na vya thamani, na mikanda yake ikazwe hadi ishikamane na mgongo.

Mzigo Juu ya Baiskeli

Vifaa vizito vina mahali pake: karia, yaani kibebeo cha chuma kilicho juu ya gurudumu la nyuma. Mwashi anayebeba nyundo, mwiko na pimamaji hana sababu ya kuutesa mgongo wake. Mzigo uwekwe chini na karibu na kiti kadiri iwezekanavyo. Ukisogea nyuma mno kupita ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hukosa utulivu, hasa penye mwinuko. Kifaa kirefu kifungwe kwa urefu wa baiskeli. Kikikingama, kitagonga wapita njia. Kamba za mpira zilizokatwa kutoka tyubu kuukuu hufunga imara, mradi ncha zake zisiachwe zikining'inia karibu na spoku.

Njia bora zaidi ni mifuko miwili inayoning'inia pande zote mbili za karia. Hapa msamiati wa pwani una msaada. Waswahili wana neno shogi, yaani mfuko mkubwa wa ukili unaolazwa juu ya mgongo wa punda, ukaning'inia huku na huku. Kanuni ya shogi ndiyo kanuni ya baiskeli: uzani wa kushoto ulingane na wa kulia. Fundi cherehani anaweza kulishona kwa turubai nzito, akatia kibao au bati upande wa ndani ili mfuko usiingie kwenye gurudumu. Isitoshe, lirudishwe nyuma kiasi ili visigino visiligonge wakati wa kukanyaga pedali.

Mvua, Giza na Wizi

Zamani dawa ya mvua ilikuwa mfuko wa plastiki. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya imepiga marufuku utengenezaji, uingizaji na matumizi ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Vifuko vya kitambaa chepesi vilivyoenea baadaye havizuii maji. Hivyo, wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, turubai ndiyo kinga. Ikumbukwe kwamba maji hupenya kwenye matundu ya sindano. Kwa sababu hiyo mshono usiwekwe upande wa juu, na mdomo wa mfuko ukunjwe mara mbili au tatu kabla ya kufungwa.

Jijini Nairobi jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Ukanda unaorudisha mwanga ushonwe nyuma ya mfuko, mahali ambapo mzigo hautauficha. Kuhusu wizi, kitambulisho, pesa na simu visikae nyuma ya mpandaji asikoona. Vikae mwilini, ndani ya nguo.

Hitimisho

Kwa muhtasari, vyepesi na vya thamani vibebwe na mtu. Vizito na vigumu vibebwe na baiskeli. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili kuna funzo la ziada. Si kila kifaa kinachoonekana kipya kinahitaji neno la kuazima. Shogi limo katika kamusi zetu, na mafundi wa Kawangware wanaweza kulishona. Kilichobaki ni wenye lugha kulirudisha neno hilo barabarani.