Kwa Nini Askari Huhara Wawapo Ugenini

Tangu zama za King's African Rifles, jamii ya Wakurya mkoani Mara imefahamika kwa kutoa askari wengi. Kijana wa Gorong'a anayejiunga leo na Jeshi la Wananchi wa Tanzania anaweza kupelekwa kulinda amani mbali na kwao, kama vikosi vya Tanzania vilivyopelekwa Darfur, Lebanoni na, mwaka 2013, Kivu mashariki mwa Kongo. Miongoni mwa maradhi yanayowasumbua sana askari walio ugenini ni kuhara.

Watu husema chanzo ni kubadili maji. Maji mageni peke yake hayamharishi mtu. Kinachomharisha ni vimelea vitokavyo katika kinyesi na kuingia kinywani kwa njia ya maji, chakula, nzi au mikono. Hata hivyo, ugeni una sehemu yake, kwani mwili hujenga kinga dhidi ya vimelea uliokwisha kukutana navyo. Kwa wasafiri wengi, mhusika mkuu ni aina ya bakteria wa E. coli watoao sumu inayoufanya utumbo uvujishe maji.

Maisha ya kambi huongeza hatari. Askari hula jiko moja na kutumia vyoo vya pamoja, hivyo mpishi mgonjwa asiyenawa kwa sabuni anaweza kuambukiza kikosi kizima. Bakteria wa Shigella, waletao kuhara damu, huweza kuambukiza hata wakiwa 10 hadi 100 tu. Virusi vya noro hudhihirika ndani ya saa 12 hadi 48. Giardia huchukua wiki moja hadi tatu, hivyo askari anaweza kuugua akiwa amekwisha kurejea nyumbani.

Vimelea pia husafiri na askari. Mwaka 2010 kipindupindu kiliingia Haiti kupitia maji machafu ya kambi ya walinda amani yaliyofika mtoni, na maelfu ya watu wakafa. Kwa hiyo askari aliye likizo akihara, aieleze zahanati alikotoka, atumie choo, anawe kwa sabuni na asiandae chakula cha familia.

Anywe mapema dawa ya chumvichumvi iliyochanganywa na maji salama. Akiona damu au akipata homa, awahi hospitali. Asijinunulie antibiotiki, kwani baadhi ya bakteria wamekuwa sugu.