Kisiwani Anabaki Mmoja

"Ami, nimeua kumi na moja!"

Ilikuwa Jumamosi jioni, Forodhani. Moshi wa mishikaki ulikuwa umetanda, na wauza juisi ya miwa hawakupata nafasi ya kupumua. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa amekaa na wenzake watatu kwenye ukuta wa pwani, bahari nyuma yao, vichwa vimeinamia simu. Ana miaka kumi na miwili. Sauti aliyonipa nayo habari hiyo ndiyo ileile aliyonipa nayo habari, wiki moja kabla, kwamba amemaliza Juzuu Amma chuoni.

Mchezo wenyewe unaitwa Free Fire. Watu 50 hushushwa kwa miavuli juu ya kisiwa, kila mmoja akaokota silaha anayoiona, eneo la kuchezea likazidi kuwabana, na baada ya dakika kama kumi hubaki mmoja. PUBG, gemu la jinsi hiyohiyo, hushusha watu 100. Anayepigwa risasi hufutika, akaacha kisanduku chenye vitu vyake, na aliyemuua hukipekua kutafuta risasi na dawa. Nilimwomba kijana anioneshe. Katika raundi ile nzima sikuona aliyelia, aliyezikwa wala aliyeulizwa.

Kusema kweli, niliondoka pale nikiwa na hasira, nikaazimia kuyalaani magemu yote. Siku zilizofuata nikazunguka vibanda vya gemu, Darajani, Mlandege, mpaka Michenzani. Hasira ikanipungua, maana nilichokikuta huko ni mpira. Televisheni baada ya televisheni, vijana wawili wawili wameshika pedi, wengine wamesimama nyuma wanapiga kelele na kungoja zamu, na aliyefungwa anampisha mwenzake. Kama damu imo katika vibanda hivyo, mimi sikuiona. Nilichokiona ni wenzako wanaokucheka ukikosa penalti, na mwenye kibanda mtu mzima anayejua mama yako anakaa nyumba gani.

Mauaji yamehamia kwenye simu, na mbele ya simu unayemuua hajakaa nawe.

Wasiwasi wangu si mpya mjini hapa. Mwaka 1921 ilipofunguliwa sinema ya Royal pale Vuga, mahali ambapo baadaye ilijengwa Majestic, watu wazima walikuwa na hofu zao juu ya yale yatakayoonekana ukutani gizani. Serikali ya Waingereza iliweka watu wa kukagua filamu kabla hazijaoneshwa, na kazi hiyo leo imo katika jina lenyewe la BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar. Filamu ilikuja kwa meli ndani ya kopo, ikapita mlango mmoja, na mlangoni akasimama mtu. Gemu la simu halina bandari. Alama ya umri ipo pale linapopakuliwa, lakini nani kati yetu huisoma kabla ya kumpa mtoto simu ili anyamaze?

Huko magemu yanakotengenezwa, ugomvi huu una zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1992 lilitoka Mortal Kombat, ambamo mshindi huweza kumng'oa mwenzake moyo au kichwa pamoja na uti wa mgongo. Desemba 1993 Baraza la Seneti la Marekani likawaita wenye makampuni wajieleze, na mwaka uliofuata wakaunda chombo chao wenyewe cha kupanga umri wa wachezaji. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, majaji saba kwa wawili, ikaifuta sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto magemu ya ukatili. Na mwaka 2019 watafiti wa Oxford waliwachunguza vijana wa Uingereza wapatao 1,000 wa miaka 14 na 15, wasione kwamba waliocheza sana magemu ya aina hiyo walikuwa wagomvi kuliko wenzao.

Nayakubali matokeo hayo. Siamini kwamba mtoto wetu atainuka pale ukutani akamdhuru mtu. Kinachoniuma mimi ni kingine: kifo kimefanywa kitu chepesi. Watengenezaji wanaoweza kujenga mji mzima ndani ya kioo, wenye mvua na vivuli na mawimbi, wakifika kwenye swali la mchezaji afanye nini ndani ya mji huo, mara nyingi mno jibu lao ni bunduki. Grand Theft Auto V, lililotoka 2013, limeuzwa zaidi ya nakala milioni 200. Fedha zote hizo, akili zote hizo! Huo ni uvivu, na nauita uvivu kwa sababu nimekulia mahali ambapo watu walijua kuucheza ugomvi kwa namna nyingine.

Nendeni Makunduchi mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili husimama wakatandikana kwa migomba, na hawatandikani kwa mzaha. Mwenye kinyongo cha mwaka mzima hukitoa hapo. Lakini anayempiga anamjua, anamwona usoni, na yeye mwenyewe mbavu zitamuuma jioni ile. Wanawake wanaimba pembeni. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, watu wakarudi majumbani kula pamoja, na mgeni haachwi na njaa. Pigo lina mwenyewe, na lina mwisho.

Au kaeni barazani mtazame bao. Kete 64, mashimo 32, na kazi yote ni kumla mwenzako mpaka asiwe na cha kuchezea. Ni vita hasa! Wazee huzozana humo kwa maneno makali kuliko ya gemu lolote. Ila kete iliyoliwa haitupwi. Inasambazwa tena, inaingia upande wa pili, inaendelea kucheza. Nimewaza sana jambo hilo tangu nilipokiona kile kisanduku.

Na mtengenezaji anayenipa moyo kuliko wote hakutoka studio kubwa. Lual Mayen ni wa Sudan Kusini. Wazazi wake walikuwa njiani wakikimbia vita alipozaliwa, akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda kwa miaka 22. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na kijana akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Gemu la kwanza alilolicheza lilikuwa Grand Theft Auto. Aliyekuwa amezaliwa ndani ya vita akacheza mauaji, kisha akakaa chini akajifundisha kutengeneza lake. Akaliita Salaam. Ndani yake mchezaji ni mkimbizi: anakimbia, anatafuta maji, chakula na dawa. Halina ulaini wowote, hofu imejaa tele. Lakini mwenye kuhofu ni wewe, na kifo unachokikimbia kina uzito wake wote.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Forodhani na yule kijana. Nilimgeuza atazame jumba la Beit al-Ajaib, lile lililoporomoka sehemu yake mwaka 2020, nikamwambia hapa ndipo palipopigwa vita vilivyo vifupi kuliko vyote duniani. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Waingereza zikaanza kupiga mizinga kutoka bahari ileile aliyokuwa amekaa akiipa mgongo. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani, alikuwa amejifungia na watu wake katika majumba ya kifalme. Dakika 38, yakaisha.

"Dakika thelathini na nane?" akasema. "Sawa na PUBG moja tu, Ami."

"Sawa na hiyo. Watu kama mia tano waliuawa au kujeruhiwa, karibu wote wa upande wetu."

Akatazama bustani, wauza urojo, watoto wanaokimbizana kwenye majani, kisha akatazama maji. Wenzake walikuwa wanamwita, raundi imeanza. Alisimama na simu mkononi, hakwenda.

"Na hao, Ami," akauliza, "walizikwa wapi?"