Funga, achia, kanyaga: lugha ya kutengeneza swichi ya klachi

Swichi ya usalama ya klachi ni kifaa kidogo kinachokaa karibu na pedali ya klachi, chini ya dashibodi, katika magari mengi yenye gia za mkono. Kazi yake ni kuinyima stata umeme mpaka dereva akanyage pedali hadi chini. Gari lililoachwa ndani ya gia likipigwa stata bila klachi kukanyagwa, huruka mbele au nyuma, na mtu aliyesimama mbele ya bampa huweza kubanwa ukutani. Kwa sababu hiyo, maelezo ya kutengeneza swichi hii ni matini ambayo kosa la neno moja laweza kumjeruhi msomaji. Makala haya yanaeleza utengenezaji wenyewe pamoja na maneno ambayo huwapotosha wafasiri na wanafunzi.

Lori au pikapu?

Maelezo mengi ya aina hii yameandikwa Marekani, na yanahusu magari ya zamani ya mizigo yenye gia za mkono. Neno ambalo Wamarekani hulitumia kwa magari hayo hutafsiriwa haraka kuwa *lori*, lakini mara nyingi kinachokusudiwa ni *pikapu*. Tofauti hii ina uzito katika kazi ya umeme: pikapu kwa kawaida hutumia volti 12, ilhali malori makubwa ya Afrika Mashariki aghalabu hutumia volti 24. Taa ya kupimia iliyotengenezwa kwa volti 12 itaungua ikitumiwa katika gari la volti 24. Mfasiri hana budi kuhakikisha kwanza ni gari gani linalozungumzwa.

Kanyaga na achia

Klachi huunganisha injini na gia. Mguu ukiwa nje ya pedali, injini na gia zimeshikana; pedali ikikanyagwa, zinaachana. Hapa ndipo mtego ulipo. Miongozo ya kigeni huagiza klachi "itenganishwe", yaani pedali ikanyagwe. Mfasiri anayefuata maana ya juujuu huandika *achia klachi*. Kwa dereva wa Kiswahili, *kuachia klachi* ni kuondoa mguu kwenye pedali, kitendo kilicho kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Msomaji akitii, injini na gia zitashikana wakati ambapo zilipaswa kuwa mbalimbali.

Kanuni iliyo salama ni kutaja mguu na pedali, si hali ya klachi. *Kanyaga pedali ya klachi hadi chini* na *ondoa mguu kwenye pedali ya klachi* ni sentensi zisizo na utata.

Funga

Kitenzi *funga* kina maana nyingi, na tatu kati ya hizo hukutana katika kazi hii. Kwanza, fundi *hufunga* kifaa mahali pake, kama katika *kufunga injini* au *kufunga swichi mpya*. Pili, kufunga ni kuzuia kitu kisipite, kama katika *funga bomba*. Tatu, katika lugha ya elimu ya umeme, saketi *iliyofungwa* ni ile iliyokamilika, ambayo umeme unapita. Maana ya pili na ya tatu zinapingana. Mwanafunzi wa fizikia akisoma *swichi imefungwa* ataelewa kwamba umeme unapita; msomaji wa kawaida, akifikiria bomba, ataelewa kwamba umezuiwa.

Katika maelezo ya ufundi, ni bora *funga* libaki na maana ya kwanza tu. Hali ya umeme isemwe waziwazi: *umeme unapita* au *umeme haupiti*.

Kutafuta hitilafu

Dalili ya swichi mbovu ni hii: ufunguo unazungushwa, taa za dashibodi zinawaka vizuri, lakini stata iko kimya. Ikiwa taa zinafifia, kosa huenda liko kwenye betri au vichwa vyake vyenye kutu. Ikiwa stata inalia "ka" mara moja bila kuzunguka, amri ya ufunguo imekwisha kuifikia, hivyo swichi ya klachi haielekei kuwa na kosa. Fyuzi na relei ya stata zikaguliwe kabla ya kugusa swichi.

Kabla ya kipimo chochote, gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yawekewe vigingi au mawe, na gia iwe huru, au nyutro kama wasemavyo mafundi. Asiwepo mtu mbele wala nyuma ya gari.

Hatua ya kwanza ni kutazama. Katika magari mengi pedali ikikanyagwa hubonyeza kijiti cha swichi kupitia kipande kidogo cha mpira au plastiki. Baada ya miaka mingi kipande hicho hukauka na kupukutika. Kijiti hakibonyezwi tena, ingawa swichi yenyewe ni nzima. Bushi za pedali nazo zikilika, pedali hulegea na haifikishi nguvu yake kwenye swichi. Vipande vya plastiki vilivyoanguka sakafuni chini ya pedali ni ushahidi wa kutosha wa kuanzia.

Hatua ya pili ni kupima. Plagi ya swichi ichomolewe, na mita iwekwe kwenye kipimo cha omu. Swichi yenye waya mbili hupimwa kwa kugusisha ncha za mita kwenye pini zake. Pedali ikikanyagwa hadi chini, umeme unapaswa kupita na mita kusoma karibu na sifuri; mguu ukiondolewa, umeme haupaswi kupita. Swichi isiyobadilika katika hali zote mbili ni mbovu. Ikiwa kijiti kikibonyezwa kwa kidole swichi inafanya kazi, lakini pedali ikikanyagwa haifanyi, kosa liko kwenye pedali au kipande cha mpira.

Kutengeneza

Kipande cha mpira kikiwa kimevunjika, kibadilishwe. Swichi inayoshikiliwa na nati yaweza kusogezwa: nati hulegezwa, swichi husogezwa kidogo kuelekea pedali, kisha nati hukazwa tena. Swichi iliyokufa huondolewa na nyingine hufungwa mahali pake, waya wa hasi wa betri ukiwa umekwisha kutolewa.

Jaribio la mwisho lina sehemu mbili, na yote mawili ni ya lazima. Gia ikiwa huru, fundi azungushe ufunguo bila kugusa pedali: stata *isizunguke*. Kisha akanyage pedali hadi chini na kuzungusha ufunguo: stata *izunguke*. Anayefanya jaribio la pili tu amethibitisha kwamba gari linawaka. Hajathibitisha kwamba ulinzi umerudi.

Dairekti

Mafundi husema *kuunga dairekti* wanapoziunganisha waya mbili za plagi ili umeme upite bila kutegemea swichi. Kama kipimo cha dakika moja, gia ikiwa huru na pedali ikiwa imekanyagwa, njia hii inafaa: stata ikizunguka, kosa liko kwenye swichi au kwenye kinachoibonyeza. Ikiachwa hivyo daima, gari halina ulinzi tena, na mnunuzi au dereva mgeni hatajua. Baadhi ya pikapu za Toyota zenye kuendeshwa kwa magurudumu manne zina kitufe maalumu cha kuondoa kazi ya swichi pale gari linapozimika mlimani. Lakini hicho dereva hukibonyeza kwa kujua. Waya uliofichwa chini ya dashibodi haumwambii mtu lolote.

Tafsiri nayo ionyeshe tofauti hiyo. *Unga dairekti kwa muda, ukipima tu* si sawa na *unga dairekti*. Maneno ya muda yakidondoka katika tafsiri, kipimo hugeuka kuwa matengenezo.

Mifano ya matumizi

Isiandikwe: *Achia klachi kabla ya kupiga stata.*
Iandikwe: *Kanyaga pedali ya klachi hadi chini kabla ya kupiga stata.*

Isiandikwe: *Pedali ikikanyagwa swichi hufungwa.*
Iandikwe: *Pedali ikikanyagwa umeme hupita kwenye swichi.*

Isiandikwe: *Funga swichi, kisha pima.*
Iandikwe: *Rudisha swichi mahali pake, kaza nati, kisha pima.*