Kidonge Kimetoka Wapi, Sampuli Imekwenda Wapi?

Mwishoni mwa 2023, mvua za vuli zilipokuwa zinaanza, vijiji vya Kaunti ya Kwale viligawiwa vidonge mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Vijiji vingine vilipata ivermectin, vingine albendazole. Utafiti huo, uliojulikana kwa jina la BOHEMIA, ulitaka kujua kama mbu anayemuuma mtu aliyemeza ivermectin hufa kabla hajawaambukiza wengine malaria. Matokeo yalichapishwa Julai 2025 katika New England Journal of Medicine: maambukizi mapya kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26.

Asilimia hiyo imesimama juu ya kazi isiyopigwa picha, nayo ni kuhesabu vidonge. Dozi ilikuwa mikrogramu 400 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 20 na kaka yake wa kilo 45 hawakustahili idadi moja. Dozi zilizotolewa zilipita 56,000. Mkebe wa ivermectin ukipotelea kwenye kijiji cha albendazole, tofauti inayotafutwa inaanza kufutika, na hakuna mtaalamu wa takwimu atakayeirudisha. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa majaribio ya dawa, ule wa ICH uitwao E6, unadai kumbukumbu za dawa zilizopokewa, zilizotumiwa na kila mshiriki na zilizorudishwa, pamoja na tarehe, namba ya bechi na mwisho wa muda wake.

Mradi mkubwa una wafanyakazi walioajiriwa kwa shughuli hiyo tu. Wasiwasi wangu uko kwa wadogo. Chukulia kampuni ya utafiti ya watu kumi, imepanga nyumba Ukunda, Kwale hiyohiyo, ina friza mbili, chumba kimoja cha stoo na mkataba wa kukusanya sampuli za maji, mbu na damu kuanzia Diani hadi Lunga Lunga. Vifaa vinatoka Nairobi, vinavuka feri ya Likoni au vinapitia Dongo Kundu, na kitendanishi kikiisha Jumanne huenda kingine kisifike kabla ya Ijumaa. Orodha ya mali iko katika faili tatu za Excel, kila moja kwenye kompyuta ya mtu wake. Kampuni ya namna hiyo inahitaji hifadhidata, nayo inaweza kuijenga bila fedha nyingi iwapo itaanzia mahali panapofaa.

Mahali hapo ni daftari la mtunza stoo. Mtunza stoo wa shule au wa zahanati haandiki salio peke yake. Anaandika tarehe, kilichoingia, kilichotoka, aliyekichukua, kisha salio na sahihi. Akikosea anapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, anaandika sahihi pembeni. Faili ya Excel, jinsi wengi wanavyoitumia, imetupora utaratibu huo: mtu anafuta 40, anaandika 36, na hakuna atakayejua mwezi ujao zile boksi nne za glavu zilikwenda wapi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mfumo iwe hii: salio lisiandikwe na mtu yeyote. Watu waandike miendo tu, yaani kuingia, kutoka, kuhama, kuharibika, kurudishwa. Salio litokane na kujumlisha miendo hiyo. Aliyekosea aandike mwendo wa pili wa kurekebisha ule wa kwanza, na yote miwili ibaki.

Majedwali yanayohitajika si mengi. Kuna la vitu, linaloeleza kitu ni nini na kinahesabiwa kwa kipimo gani. Hapo watu hugombana kila mwezi, kwa sababu glavu zinaagizwa kwa katoni, zinapokewa kwa boksi na zinatumiwa jozi jozi. Chagueni kipimo kidogo kabisa mnachokitoa stoo, kompyuta ifanye mahesabu mengine. Kuna jedwali la bechi, lenye namba ya mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, maana vitendanishi viwili vya jina moja vinaweza kuwa na maisha tofauti, na kinachoisha muda mapema ndicho kitoke mapema. Kuna la mahali, la watu, na la miendo, ambalo ndilo linaloyafunga mengine yote pamoja. Msingi wa mpangilio huu uliwekwa na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, katika makala yake ya mwaka 1970. Faida yake kwa mtu wa Ukunda ni kwamba kila habari inakaa mahali pamoja. Jina la msambazaji likibadilika, linabadilishwa mara moja.

Sasa nije kwenye mambo ambayo mfumo ulionunuliwa ng'ambo hautayajua.

La kwanza ni majina. Katika vijiji vya Wadigo na Waduruma mtoto hurithi jina la babu au bibi, na majina yaleyale yanazunguka ukoo baada ya ukoo. Mwanasha binti Hamisi wanaweza kuwa watatu katika mtaa mmoja, na mmoja ni nyanyake mwingine. Jina basi haliwezi kuwa kitambulisho cha sampuli. Sampuli ipewe namba yake, na orodha inayounganisha namba na jina ikae kwingine, chini ya mtu mwingine. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inatudai tuzilinde habari za watu, lakini hata bila sheria, mama aliyekubali mwanawe atolewe damu hakukubali jina la mtoto lisomwe na kila afunguaye friza.

La pili ni saa. Mkusanyaji wa sampuli anaandika kwamba alichukua maji bwawani saa 2, naye yuko sahihi, kwa sababu jua lilikuwa limechomoza saa mbili zilizopita. Msaidizi wa maabara anapokea chupa na kuandika 11:00 kama simu yake inavyoonyesha. Kompyuta itahesabu saa tisa nje ya baridi, sampuli itatupwa, na kumbe zilipita saa tatu. Afadhali fomu ya simu ijaze saa yenyewe, au imlazimishe mtu kuchagua asubuhi, mchana, jioni au usiku kabla ya kuandika tarakimu. Tarehe nazo zina mtego wake. Kwetu 03/04 ni tarehe tatu Aprili, kwa mshirika aliyeko Marekani ni tarehe nne Machi. Mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyoagiza, ugomvi huo unakwisha.

Friza inataka uangalifu zaidi ya stoo. Glavu zikipotea zinanunuliwa nyingine. Damu iliyotolewa kijijini mwaka fulani, kabla ya dawa kugawiwa, hainunuliki. Msambweni, hukohuko Kwale, inalijua hili kuliko sehemu nyingi za pwani. Utafiti wa kichocho umefanywa huko tangu miaka ya 1980, na vijiji kama Milalani na Nganja vimechorewa ramani hadi kwenye mabwawa yenye konokono wanaobeba vijidudu. Baadaye wakaja wanaochunguza dengi na chikungunya. Swali jipya linapozuka, jibu lake linaweza kuwa tayari limelala kwenye baridi, na mwenye kujua liko kwenye tundu gani huenda alishahamia mradi mwingine zamani.

Kwa sababu hiyo jedwali la mahali lishuke ngazi kwa ngazi: friza, rafu, raki, boksi, tundu. Boksi la kawaida la mirija midogo lina matundu tisa kwa tisa, yaani 81, na hifadhidata ikatae kabisa mirija miwili kuwekwa tundu moja. Mrija mmoja ukigawanywa kuwa minne, kila mmoja upate namba yake na ukumbuke mzazi wake. Kila mara sampuli inapoyeyushwa, huo nao ni mwendo, uandikwe, kwa kuwa sampuli iliyoyeyushwa mara tatu si ile ya mwanzo. Lebo ziwe za kustahimili nyuzi 80 chini ya sifuri. Lebo ya karatasi hubanduka na wino wa kalamu ya kawaida huondoka kwa spiriti.

Halafu kuna stima. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaathirika. Usiku wa namna hiyo mwenye friza hana muda wa kutafuta faili. Anahitaji karatasi iliyokwisha kuchapishwa, inayosema maboksi gani yahamishwe kwanza na yapo wapi. Kwa hiyo ripoti ya dharura si pambo la mfumo. Mimi ningeitengeneza kabla ya skrini yoyote nzuri.

Intaneti hukatika vilevile, na huko Kinango ndani kuna njia ndefu zisizo na mtandao kabisa. Programu ifanye kazi kwenye simu au kompyuta bila mtandao, kisha ipeleke habari ofisini mtandao ukipatikana. Hifadhidata ya SQLite inatosha kwa kifaa cha mkononi, PostgreSQL kwa seva, na zote mbili ni za bure. Hapa ndipo ile kanuni ya kuandika miendo inapojilipa. Vifaa viwili vilivyobadilisha salio moja vikikutana, kimoja kitafuta kazi ya mwenzake. Vilivyoandika miendo vikikutana, miendo yote inajumlishwa na hakuna kinachopotea. Kila kifaa kiwe na alama yake mbele ya namba zake ili zisigongane.

Majirani wa Gazi wameonyesha kwamba taasisi ndogo inaweza kuishi kwa kumbukumbu zake. Mikoko Pamoja inalinda hekta 117 za mikoko na imekuwa ikiuza hewa ukaa chini ya mpango wa Plan Vivo. Mnunuzi wa mbali haoni mti. Anachopewa ni vipimo vya miti katika viwanja vinavyojulikana, vilivyorudiwa na kukaguliwa, na fedha zake zimefika shuleni na kwenye maji ya vijiji. Kampuni ya Ukunda nayo itakaguliwa na mfadhili, na swali litakuwa la aina hiyohiyo: onyesha.

Kabla ya kumlipa mwanaprogramu, hesabuni kila kilichomo stoo na kwenye friza, watu wawili wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika, na tofauti na faili za zamani ziandikwe kama miendo ya kwanza ya mfumo mpya. Katika mkataba wake muweke vipengele vitatu: hifadhidata ni mali ya kampuni, nakala itoke kila usiku na kuhifadhiwa nje ya jengo, na majedwali yote yaweze kutolewa kama maandishi ya kawaida yanayofunguka bila programu yake. Nakala hiyo ijaribiwe kurejeshwa kwenye kompyuta nyingine akiwapo yeye, kabla hajapewa malipo ya mwisho.